Serikali kupanga bei ya mazao: mkulima anapona au anaumia? (kisa cha korosho)

Kijana_wa_Newala aliuliza:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe kitu, maana kila nikisoma mijadala ya uchumi nakuta makundi mawili na hayaelewani kabisa. Kundi moja linasema serikali ikae pembeni, bei waelewane muuzaji na mnunuzi, basi. La pili linasema ukimwachia mfanyabiashara atamnyonya mkulima mpaka abaki mifupa. Mimi nimezaliwa Newala, mkoa wa Mtwara, nyumbani ni korosho tu, hakuna kingine cha kuleta hela ya maana, kwa hiyo hayo mabishano kwetu ni ada ya shule na bati la nyumba.

Kwa wasiojua, msimu wa 2017 korosho ilipanda mpaka ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo na nchi ikavuna zaidi ya tani laki 3. Watu walijenga, walioa, walinunua bodaboda. Msimu uliofuata, Oktoba 2018, mnada unafunguliwa makampuni yanaleta ofa ya juu 2,700 na kitu, nyingine chini ya 2,000. Wakulima wakagoma kuuza. Waziri Mkuu akakaa na wanunuzi wakaahidi kupandisha wafike 3,000 na zaidi, lakini mzigo hawakuuchukua kama ilivyotarajiwa. Mawaziri wawili wakatumbuliwa, bodi ya korosho ikavunjwa, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua korosho yote kwa 3,300 na jeshi litabeba. Kijijini watu walishangilia kweli kweli.

Baadaye ndo ikaja habari ya uhakiki, malipo kuchelewa, korosho kulala maghalani miezi na miezi, na msimu huo uzalishaji ulishuka mpaka kwenye tani 225,000 hivi.

Swali langu ni hili. Kosa lilikuwa serikali kuingilia, au iliingilia vibaya? Na kama isingeingilia, sisi na ile 2,000 yao tungefanyaje? Watu wa soko huria nijibuni kwa korosho hii hii, msinipeleke Hong Kong wala Singapore.

---

Mzani_Huru alijibu:

Mkuu umeuliza vizuri na nitabaki hapo hapo kwenye korosho.

Kwanza tuelewe ile bei ya 2017 ilitoka wapi, maana wengi wanadhani ni serikali ndo iliipandisha. Korosho yetu karibu yote inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, huko ndo kuna viwanda vya kubangua. Afrika Magharibi wanavuna kuanzia Februari mpaka Juni hivi, sisi tunavuna Oktoba mpaka Desemba na Januari. Yaani wakati viwanda vya kule vimeishiwa mzigo mpya, anayevuna ni Tanzania na majirani wachache, ndo maana wanunuzi wanagombania. Hilo dirisha ndo utajiri wa kusini, na lina muda. Ukichelewa kuuza mpaka Machi, Ivory Coast anaingia na mzigo mkubwa kuliko wako, mnunuzi hana tena sababu ya kukubembeleza.

Sasa 2018 wabanguaji wa Vietnam walikuwa wameumia, walinunua ghafi kwa bei ya juu alafu bei ya korosho iliyobanguliwa ikashuka, wengine wakashindwa hata kuchukua mizigo waliyoagiza. Kwa hiyo wanunuzi waliokuja Mtwara na 2,700 walikuwa wanaleta taarifa ya kutoka huko. Taarifa mbaya, inauma, ila ni taarifa. Bei inakwambia walaji na viwanda wanaitaka kiasi gani leo. Ukiikataa kwa tangazo, hali ya huko Vietnam haibadiliki hata kidogo.

Twende kwenye hesabu. Dola wakati ule ilikuwa kama 2,300. Kilo kwa 3,300 ni dola 1.43, tani moja ni dola 1,430 na ushee, hapo bado hujaweka gunia, lori, ghala, bandari. Alafu kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya bei ya kupakia melini au dola 160 kwa tani, inayokuwa kubwa ndo inakatwa. Piga hesabu mwenyewe mfanyabiashara ambaye soko la dunia limeshuka angepata wapi faida. Hakuwepo. Ndo maana hakuja, na serikali ikabaki peke yake na mlima wa korosho ambao dunia nzima ilikuwa inajua upo na inajua muda unakwenda. Januari 2019 ukasainiwa mkataba wa tani laki moja na kampuni moja ya Kenya, mkataba ukafa bila kuchukua mzigo, na 2019 ndo ikaanza kuuzwa kwa bei ya kusukuma. Bei unaweza kuitangaza, mnunuzi humtangazi.

Na ile tofauti kailipa nani? Fedha zilipitia benki ya maendeleo ya kilimo, yaani ni hela za umma. Mama wa Mwanza anayeuza vitumbua, ambaye hajawahi kuona mkorosho, kachangia. Sisemi mkulima wa Newala hastahili kusaidiwa, nasema tuwe tunamhesabu na huyo mama.

Kuna jambo linaniuma zaidi, nalo ni kangomba. Wasio wa kusini, kangomba ni yule anayekuja Juni au Julai, mkulima kabanwa, ana mgonjwa, hana hela ya salfa ya kupulizia mikorosho, anampa tuseme 1,000 kwa kilo ambayo atavuna Novemba. Watu wanamwita mnyonyaji, na 2018 walianza kusakwa kama wezi, na wakulima wenye mzigo kuanzia kilo 1,500 wakatakiwa kuonyesha mashamba ili ithibitike kweli ni zao. Lakini jiulizeni, Julai kijijini nani mwingine anampa mkulima laki mbili bila hati, bila mdhamini, bila kwenda mjini? Hakuna. Yule jamaa anauza mkopo, na anauza ghali kwa sababu yuko peke yake na anaweza kupoteza, mvua ikiharibu maua hapati kitu. Dawa yake ni kuleta wakopeshaji wengine kijijini washindane naye. Ukimkamata, njaa ya Julai inabaki pale pale na sasa hakuna hata wa kukukopesha ghali.

Mwisho, historia mkuu. 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Ikaja mamlaka ya serikali, mnunuzi mmoja, bei moja, na operesheni vijiji ikahamisha watu mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaikuta mikorosho haina mtunzaji. 1986/87 tulikuwa kwenye tani 16,500. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa tena kuanzia 1991/92, kufika 2000/01 tukavuka laki moja. Wakulima walewale, ardhi ileile.

---

Mama_Tandahimba alijibu:

Mzani_Huru nimekusoma mpaka mwisho mwanangu, hesabu zako sina ugomvi nazo. Ila hiyo miaka ya tisini unayoisifia mimi niliiishi na nilikuwa na mikorosho.

Walikuwa wanakuja uani. Sio mnada, sio ghala, uani kwako. Anakuja na mzani wake mwenyewe wa kuning'iniza, anaufunga kwenye mti wa mwembe, wewe unabeba gunia lako ambalo umelipima kwa ndoo unajua lina ngapi, likipanda pale linapungua. Ukilalamika anakwambia nenda kwa mwingine. Mwingine ni nani? Ni shemeji yake, yuko kijiji cha pili, bei ileile, maana jana usiku walikuwa pamoja. Asubuhi bei hii, mchana akisikia mmevuna wengi bei inashuka. Wengine walinunua kwa bakuli, na bakuli hilo walilijaza mpaka linakuwa na kilima juu, kilima ni chake. Hilo ndo soko huria lililotufikia sisi. Huo ushindani unaousema labda ulikuwepo Dar, Tandahimba haukufika.

Ilipoanza stakabadhi ghalani 2007 tulinung'unika, maana kupeleka korosho kwenye ghala la chama cha ushirika alafu ukasubiri hela ni jambo gumu kwa mtu mwenye njaa. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kipya, makampuni yanaandika bei kwenye karatasi, yanatumbukiza kwenye sanduku, linafunguliwa mbele yetu tumekaa chini ya mti tunasikia kila kampuni na bei yake. Mkikataa mnakataa wote. Mkikubali mnakubali wote. Mimi na magunia yangu matano nauza sawa na mwenye magunia mia. Hiyo haikuletwa na soko lenyewe wanangu, ililetwa na sheria, na wafanyabiashara waliipinga sana.

Sasa nisije nikaonekana naitetea kila kitu. Liwale 2013 watu walichoma nyumba za viongozi kwa sababu waliahidiwa malipo ya pili na kilichokuja ni kidogo mno kuliko ahadi. Hasira ile ilikuwa ya haki hata kama kuchoma sio haki. Na makato, jamani makato! Ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, gunia, usafiri, unyaufu (eti korosho itapungua uzito ikikauka), na kila mwaka linazaliwa lingine. Mwaka mmoja karani wa chama chetu alinikata unyaufu wa korosho ambayo nilikuwa nimeianika mpaka inalia kama kokoto, nikamuuliza hii itanyauka nini zaidi, akasema mama ni utaratibu.

Na hiyo 2018 unayouliza kijana, nilishangilia na mimi. Tatizo letu halikuwa 3,300. Tatizo lilikuwa lini. Salfa nilichukua kwa mkopo kwa ahadi kwamba Desemba nalipa. Mtoto anatakiwa kuripoti shule Januari. Hela ikawa inakuja wiki ijayo, wiki ijayo, wahakiki wanakuja wanaondoka. Mimi ningechukua 2,700 siku ya mnada nikaishika mkononi kuliko 3,300 ya mwezi usiojulikana, na wengi kijijini kwetu wanasema hivyo sasa ingawa siku ile hakuna ambaye angethubutu kuisema. Palizi ya msimu uliofuata wengi hatukufanya vizuri maana hatukuwa na hela, mnashangaa nini uzalishaji kutopanda haraka.

Kwa hiyo mimi jibu langu, serikali isimamie mnada na mzani, hapo tunaihitaji sana. Ikigeuka kuwa mnunuzi, hatuna pa kwenda kushtaki ikichelewesha.

---

Kijana_wa_Newala aliandika:

Asante sana mama, shikamoo. Hapo kwenye "lini" umenifungua macho, sikuwahi kulitazama hivyo.

Mzani_Huru, nakurudia wewe kwenye ule ushuru wa asilimia 15. Tunaambiwa upo ili korosho ibanguliwe hapa hapa, vijana tupate kazi, tuache kuwapelekea Wahindi na Wavietnam ajira. Mbona hilo linaingia akilini? Wewe ungeufuta?

---

Ng'ambo_ya_Ruvuma alijibu:

Kabla Mzani_Huru hajajibu naomba niweke jambo, maana mimi nina ndugu pande zote mbili za mto, Wamakonde tuko huku na huku, na Msumbiji jaribio hilo lilishafanywa.

Msumbiji wakati wa ukoloni ilikuwa mzalishaji mkubwa wa korosho duniani na ikawa na viwanda vyake. Vita ikaharibu mengi. Miaka ya tisini katikati Benki ya Dunia ikawaambia, punguzeni ushuru wa korosho ghafi nje, mkulima atapata bei nzuri kwa sababu wanunuzi wa India watalipa zaidi. Kwenye karatasi ilikuwa safi, ni hoja hiyohiyo ya Mzani_Huru. Ushuru ukashushwa. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vikubwa karibu vyote vilikuwa vimefungwa, maelfu ya wafanyakazi wako nje, na sehemu kubwa walikuwa akina mama ambao hawakuwa na kazi nyingine ya mshahara. Bunge lao lenyewe ikabidi liupandishe tena ushuru mwaka 1999 lakini viwanda vilishaumia.

Alafu mkulima alipata nini? Wachumi waliochambua baadaye walikuta kaya ya mkulima wa korosho ilipata nyongeza ya kama dola 5 hivi kwa mwaka. Mwaka mzima ndugu zangu. Kwa nini? Kwa sababu kati ya mkulima na meli kulikuwa na wafanyabiashara wachache, wao ndo walibaki na tofauti. Soko lilifunguliwa bandarini, kijijini likabaki limefungwa kama lilivyokuwa.

Lakini pia sitaki mtu achukue mfano huu akasema basi ushuru ni mzuri. Sisi Tanzania ushuru tunao miaka mingi na viwanda vya kubangua vilivyojengwa miaka ya sabini na themanini, vingi vilikaa bila kufanya kazi, vingine vikageuka maghala tu ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli. Ushuru peke yake haubangui. Kiwanda kinataka umeme usiokatika, mtaji wa kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, na watu wanaojua kutoa punje nzima bila kuipasua, maana punje nzima na iliyopasuka bei zake ni mbingu na ardhi. Mvietnam anafanya kwa mashine na ana mikopo ya riba ndogo. Wewe unakopa kwa riba gani hapa?

Kwa hiyo ninachowaomba, mkisema "soko" au "serikali" semeni ni hatua gani ya safari ya korosho mnayoizungumzia. Shambani, mnadani, kiwandani na bandarini ni mambo manne na kila moja lina tatizo lake.

---

Hadiwea_Nakuru alijibu:

Ndugu zetu wa TZ nimefuatilia hii mazungumzo na nikaona niongeze ya huku Kenya kwa sababu mmetaja riba, na sisi hiyo kitu ya serikali kupanga bei tuliifanya kwa bei ya pesa yenyewe.

Agosti 2016 Rais Uhuru alitia saini sheria ya kuwekea benki kikomo, hakuna mkopo kupita asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa asilimia 14. Wananchi tulifurahi sana, na tulikuwa na sababu, benki zilikuwa zinatukamua asilimia 18, 20, hata zaidi, na faida zao kila mwaka zinatangazwa kwa gazeti. Mswada uliletwa na mbunge wa Kiambu Town na wabunge karibu wote wakaunga mkono, nani angepinga?

Sasa mimi niko na hadiwea Nakuru, saruji, mabati, misumari. Kabla ya hiyo sheria nilikuwa napewa mkopo wa kujaza stoki, ghali lakini napewa. Baada ya sheria nikarudi benki ileile, meneja ananijua kwa jina, akaniambia boss hatupeani mikopo ya aina yako kwa sasa. Hakusema kwa nini na hakuhitaji kusema. Mtu mdogo kama mimi hana hati ya shamba, ni hatari kwake, na kwa asilimia 14 hiyo hatari hailipi, afadhali anunue bondi za serikali anakaa tu anangoja riba. Ndivyo benki nyingi zilifanya. Kampuni kubwa zikapata mkopo wa bei rahisi. Mama mboga, fundi, mimi, tukasukumwa kwa mashailoki, wakopeshaji wa mitaani, na aplikesheni za simu, na huko kulikuwa na mkopo unakatwa asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Hebu zidisha hiyo mara kumi na mbili.

Novemba 2019 sheria ikaondolewa. Na nisiwadanganye, baada ya kuondolewa benki hazikugeuka malaika, riba ilipanda na bado inatuumiza. Lakini siku ile kikomo kilikuwa, mimi nilikuwa na haki ya mkopo wa asilimia 14 ambao haukuwepo popote. Nikisoma vile mama ameeleza hiyo 3,300 isiyojulikana ni ya lini, ni hadithi yangu kabisa.

---

Mzani_Huru alijibu:

Mama Tandahimba shikamoo. Nakuheshimu sana na hapo kwenye mzani wa uani hakuna mtu wa soko huria mwenye akili anayeweza kukupinga. Kumpunja mtu kwenye mzani ni wizi, na hakuna soko bila mtu wa kuzuia wizi. Wanunuzi wawili wanaopanga bei usiku hawana ushindani wowote, hao ni mnunuzi mmoja mwenye vichwa viwili, na mimi nina hasira nao kama nilivyo na hasira na mamlaka ile ya miaka ya sabini, maana kwa mkulima mambo ni yaleyale, hana pa kwenda kwingine. Ninachogombea mimi ni hicho tu, mkulima awe na pa kwenda kwingine.

Ndo maana mnada wa wazi naukubali kabisa, na hii ya sasa ya kuuza kwa mtandao kupitia soko la bidhaa la TMX naikubali zaidi, mnunuzi aliyeko mbali anaweza kuona mzigo na kuweka bei bila kukaa mezani na wenzake. Oktoba 2024 minada ilipofunguliwa bei ilivuka tena 4,000 na hakuna aliyeitangaza jukwaani, ni wanunuzi wenyewe walipandishana. Na msimu ule nchi ikavuna zaidi ya tani laki 5. Nakubali pia kwamba salfa ya ruzuku imechangia humo, siwezi kuificha kwa sababu hainisaidii hoja yangu. Swali langu kwenye ruzuku ni nani anaipata kweli, maana nimeona salfa ya ruzuku inauzwa dukani na mwenye duka hana hata mche mmoja.

Kuhusu ushuru, ndugu wa Ruvuma kaniwekea mfano mzito na sitaukwepa. Msumbiji walifungua mlango wa bandarini wakasahau wa kijijini, ikawa faida imekwama katikati. Kwetu sasa mnada upo, kwa hiyo mnunuzi akikatwa kidogo bandarini ana nafasi ya kuweka bei ya juu kwenye mnada, na wenzake watamlazimisha. Kwa hiyo Kijana, mimi ningeupunguza kidogo kidogo, sio siku moja, na wakati huo huo ningehangaika na umeme na mitaji ya wabanguaji. Alafu hili watu wa kusini msilisahau, mpaka 2018 asilimia 65 ya huo ushuru ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe, Juni 2018 Bunge likabadili sheria ukaenda wote mfuko mkuu, wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Miezi michache baadaye ndo ule msimu ukaja. Serikali ileile inamkata mkulima kwa mkono mmoja, alafu inatangaza kumwokoa kwa mkono wa pili, na katikati kuna uhakiki.

---

Ng'ambo_ya_Ruvuma alijibu:

Kidogo kidogo hapo nakubaliana, ila usiseme "mnunuzi atalazimishwa na wenzake" kama jambo la uhakika. Kuna minada nimehudhuria kampuni ziko nane kwenye orodha, ukifuatilia mizigo inapopakiwa unakuta wanaobeba ni watatu. Waliobaki wamekuja kutia jina. Tume ya Ushindani ipo kisheria, kazi yake ni hiyo, na ningependa kuiona kusini msimu wa mnada kuliko kuwaona wanajeshi.

---

Mama_Tandahimba alijibu:

Hilo la majina nane na malori ya watu watatu sisi tunalijua siku nyingi.

Kijana, wewe unajua mambo ya simu na mitandao. Msimu huu minada ikianza, weka hapa bei ya TANECU (chama kikuu cha Tandahimba na Newala) na bei ya MAMCU (cha Masasi na Mtwara) siku ileile, na uandike pia makato moja moja kama yalivyo kwenye karatasi ya malipo ya mkulima. Nitakupa ya kwangu, jina tu ulifute. Na wa vyama vingine watoe za kwao, tuone kilo moja inaondoka ghalani kwa ngapi na inafika mfukoni kwa ngapi, na baada ya siku ngapi. Hiyo ya siku usiisahau kuiandika.

---

Kijana_wa_Newala aliandika:

Sawa mama, hilo nalifanya. Wenye karatasi za malipo za RUNALI (Ruangwa, Nachingwea na Liwale) na za Tunduru nitumieni na nyie, nitaweka jedwali moja la vyama vyote.